Kutoka Nairobi hadi kambi ya mtoni Tana kwa mashua ya kukodi: mwongozo kamili

Wakazi wengi wa Nairobi wanaoga Tana kila asubuhi bila kujua. Sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 kwenye mto Thika, na mto Thika ni mtoto wa Tana. Stima nayo, kwa sehemu, ni Tana uleule ukipitishwa Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yetu machafu yanashika njia nyingine: mto Nairobi humwagika Athi, na Athi ukishabadilishwa jina njiani hadi ukaitwa Sabaki, unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Tunachota mto mmoja na kutapika kwenye mwingine.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuona upande wa pili wa bomba lake: mlango wa Tana huko Kipini, mto unapoingia baharini, mikoko, msitu wa kando ya mto na kambi iliyojificha humo, akifika kwa tanga kutoka Lamu badala ya gari. Mimi nilikwenda na marafiki watano wa chama chetu. Tulifanya kosa moja lililotuweka juu ya tope kwa muda wa saa saba na nusu, na nimeandika hatua hizi kwa mpangilio ambao ungetuepusha nalo.

Anza na mwezi, ndipo uombe likizo

Mnairobi hupanga safari kwa kalenda ya ofisi: Ijumaa jioni tunatoka, Jumatatu asubuhi tuko kazini. Hapa kalenda hiyo haisaidii kitu. Mlangoni mwa Tana kuna mafungu ya mchanga na tope yanayohama kila mafuriko yanapopita, na chombo cha tanga hupita juu yake wakati maji yamejaa tu. Siku na saa ya kuvuka mafungu hayo ndiyo msumari wa safari nzima. Tiketi, likizo, kambi na mashua vyote vinaning'inia hapo.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hupita mita tatu. Karibu na tarehe 8 na 22 za mwezi mwandamo, ule wa kalenda ya Kiislamu, ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kwa uvivu. La kukumbuka ni kwamba pwani ya Kenya bamvua hujaa karibu saa kumi hadi saa kumi na nusu, alfajiri na jioni, mwezi baada ya mwezi. Ndiyo maana wazee wa Lamu wakiambiwa tarehe ya mwezi wanakutajia saa ya maji bila kuangalia karatasi.

Kwa hesabu ya haraka ungesema twende tarehe 15, maji yakiwa makubwa kabisa. Usifanye hivyo. Kwanza, yakijaa saa kumi na nusu jioni utaingia mtoni giza likikaribia, na mto wenye viboko si mahali pa kupapasa njia. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, ukikwama kwenye kilele cha bamvua, maji yanayofuata yanaanza kupungua siku baada ya siku, na chombo kinaweza kukaa pale kikisubiri bamvua nyingine, wiki mbili baadaye. Chagua tarehe 12 au 13 ya mwezi mwandamo. Maji yatajaa kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana, utabaki na saa tatu au nne za mwanga, na ukikwama, maji ya kesho yatakuwa makubwa kuliko ya leo na yatakuinua.

Kalenda yenye tarehe za Kiislamu inapatikana kwenye duka lolote la vitabu Eastleigh au mitaa ya karibu na Msikiti wa Jamia. Ukishaona tarehe, thibitisha saa kwenye jedwali la maji linalochapishwa na Mamlaka ya Bandari au kwenye programu ya simu, ukichagua Lamu, si Mombasa. Andika saa hizo kwenye karatasi. Simu huzima.

Upepo

Kati ya Desemba na Machi huvuma kaskazi, kutoka kaskazini-mashariki. Kutoka Lamu kwenda Kipini unaelekea kusini-magharibi, kwa hiyo upepo unakusukuma mgongoni na mashua inakwenda bila kulalamika. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipendekeza bila kusita.

Kuanzia Aprili hali inageuka. Masika yanajaza mto, maji yanashuka na magogo, na barabara ya Garsen hukatika. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 yaliwaonyesha wasafiri wa Lamu maana ya kulala barabarani. Kisha kusi, upepo wa kusini, linashika hadi Septemba hivi, likileta mawimbi makubwa moja kwa moja kwenye mlango wa mto, na mawimbi yakikutana na maji yanayotoka mtoni yanasimama wima na kuvunjika juu ya mafungu. Nahodha mwenye akili hakubali kuingia, na anayekubali si mwenye akili. Wiki za matlai, kati ya kusi na kaskazi, bahari ni shwari, lakini utasafiri kwa injini zaidi kuliko tanga.

Angalia pia Ramadhani. Miaka hii inaangukia ndani ya kaskazi: mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari, na kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi. Mabaharia wa Lamu wengi ni Waislamu na watakuwa wamefunga. Watakupeleka, ila hutamwomba mtu aliyefunga akupikie wali saa sita mchana kwenye jua. Mimi ningengoja.

Kambi: uliza kabla ya kulipa

Kambi za eneo la delta si nyingi, na hufunguka na kufungwa kufuatana na misimu, hali ya usalama na mfuko wa mwenyewe. Usiamini picha mtandaoni. Piga simu uzungumze na mtu aliyepo huko. Mimi huuliza maswali manne. Mwezi huo mtakuwa wazi kwa hakika? Mna boti yenu ya kutupokea Kipini, na inabeba wangapi na mizigo yao? Kutoka Kipini hadi kwenu ni mwendo wa muda gani maji yakijaa, na muda gani yakipwa? Tukichelewa usiku mmoja kwa sababu ya maji, mtatutoza vipi?

Swali la mwisho ndilo linalokuonyesha unazungumza na watu wa aina gani. Anayeujua mto atacheka na kusema, "Hilo hutokea, msijali." Anayekusomea masharti ya kughairi kama karani wa benki, endelea kutafuta.

Utaambiwa pia kama unalala kwenye hema, banda la makuti au chumba cha mbao. Kwangu hilo ni jambo dogo. Chandarua kisicho na tundu ni jambo kubwa.

Mashua na nahodha wake

Lamu ukishuka tu gatini utazungukwa na vijana wanaokuuzia safari ya jahazi: machweo, kuvua, Manda Toto. Wasalimie vizuri, kwa salamu kamili, maana Lamu mtu hakimbilii bei kabla ya kujuliana hali. Lakini safari ya Kipini si ya machweo. Unahitaji nahodha ambaye ameshaingia mlango wa Tana, na ameingia hivi karibuni.

Swali langu ni moja: "Mara ya mwisho umeingia Kipini lini, na fungu lilikuwa upande gani?" Aliyeingia atakuchorea mchangani. Anayejibu kwamba yeye anaijua bahari yote tangu utotoni, mshukuru na uondoke. Nahodha wetu alikuwa hajaingia kwa miezi minne, akasema wazi, kisha akapiga simu kwa binamu yake Kipini aje na mtumbwi atuongoze. Mtu wa namna hiyo ndiye umtafutaye, na huyo binamu ndiye aliyeitwa rubani kabla ndege hazijatunyang'anya neno hilo. Lipa rubani. Gharama yake ni ndogo na anajua tope lililohamia wapi baada ya mvua ya mwisho.

Chombo kiwe mashua au jahazi dogo la kutosha watu sita hadi wanane, chenye tumbo la kina kifupi, lisilozidi mita moja chini ya maji kikiwa kimepakiwa. Wenye yoti zao Kilifi na Mtwapa hunisumbua na swali kama wanaweza kwenda nazo. Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, wa yoti nyingi huenda chini karibu mita mbili. Ziache Lamu kwenye nanga, ukodi mashua kama sisi wengine.

Kabla ya kutoa pesa, panda chomboni ukague. Uliza cheti cha Mamlaka ya Bahari ya Kenya na uone idadi ya abiria iliyoandikwa. Hesabu jaketi za kuokolea, kisha ivae moja uifunge, kwa sababu nimeona jaketi nzuri sana zisizo na mikanda. Tazama kamba ya nanga: iwe ndefu na isiyochakaa. Angalia injini ikiwashwa mbele yako. Inua mbao za sakafu utazame ngama, tumbo la chini maji yanapokusanyika; maji kidogo ni kawaida ya chombo cha mbao, lakini kama kuna kopo la kutolea maji lililochakaa kwa kazi, jua kwamba kazi hiyo ipo. Tanga likunjuliwe ulione lote, viraka si aibu ila mshono uwe mzima. Uwepo upondo mrefu, ule mti wa kupimia kina. Utausikia baadaye.

Makubaliano yaandikwe hata kama ni kwenye karatasi ya daftari: bei ya chombo kizima, si ya kichwa, chakula na mafuta viko ndani au nje, malipo ya rubani, malipo ya siku ya chombo kurudi Lamu bila nyinyi, na bei ya kila usiku wa ziada mkikwama. Tanguliza theluthi kwa M-Pesa. Salio nitalizungumzia mwishoni.

Usalama na ruhusa

Eneo la Lamu na Tana limewahi kuwa na mashambulizi, na kuna wakati hata kuvua usiku Lamu kulipigwa marufuku. Siandiki haya kukutisha, ila ni ujinga kwenda bila kuuliza. Wiki moja kabla, mwulize mwenye kambi, kisha siku moja kabla ya kutweka tanga mwulize nahodha na pitia kituo cha polisi Lamu uwaambie mnakwenda wapi, mko wangapi, chombo kinaitwaje na mnatarajiwa kufika lini. Ukifika Kipini, ripoti kwa polisi na kwa kamati ya ufuo, BMU. Kila mtu awe na kitambulisho chake halisi, si picha kwenye simu. Wakikwambia msiende, msiende. Mwezi mwingine utaandama.

Mwachie pia mtu mmoja Nairobi karatasi yenye saa zote na namba za nahodha na kambi, na mkubaliane atapiga simu kwa nani akikosa kusikia kutoka kwenu hadi saa fulani.

Nairobi hadi Lamu

Njia fupi ni ndege, kutoka Wilson au JKIA hadi uwanja wa Manda, kisha boti ya kuvuka kwenda mjini. Kwa ndege ndogo mzigo hupimwa kwa ukali, kilo kumi na tano hivi, na begi laini linapendwa kuliko sanduku. Njia ya mfuko mwembamba ni treni hadi Mombasa, ambayo daraja la kawaida limekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, kisha basi la asubuhi kupitia Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, na boti tena. Ukichagua barabara hesabu siku mbili, na ufike Lamu siku mbili kamili kabla ya siku ya kuvuka: moja ya kukagua chombo, moja ya akiba.

Akiba hiyo ndiyo watu huikata kwanza. Ndivyo tulivyofanya.

Mzigo na dawa

Sisi wa Nairobi tunaishi juu kiasi kwamba wengi hatuna kinga ya malaria hata kama tulikuwa nayo tulipokulia nyumbani Kisumu au Busia. Delta ina mbu wa kutosha. Mwone daktari au mfamasia wiki mbili kabla ili aanze kukupa dawa ya kinga kwa wakati, maana nyingine huanza kumezwa kabla ya safari na huendelea wiki kadhaa baada ya kurudi. Ukipata homa ndani ya miezi ifuatayo, mwambie daktari wa Nairobi ulikuwa Tana, asije akakupimia homa ya matumbo peke yake.

Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika unaitapika nayo. Tangawizi mbichi inasaidia, na macho kwenye upeo wa bahari yanasaidia zaidi ya tangawizi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, kwa hiyo vitu visivyotakiwa kulowa vitie kwenye ndoo zenye mifuniko ya kubana. Ndoo ya rangi iliyosafishwa ni hodari kuliko mabegi mengi ya bei, na usiku inakuwa kiti. Ongeza kofia ya kufunga kidevuni, nguo ya mikono mirefu, leso mbili, taa ya kichwani, maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu, na viatu vya kukanyagia tope ambavyo hutavililia. Na kwa kuwa hakuna anayelisema: mashua haina choo. Chukueni kanga kubwa ya kuwa pazia upande wa tezi, nyuma ya chombo, mpange nahodha na vijana wake watazame omo, yaani mbele, na mambo yaende.

Siku ya kutweka

Chukua tarehe 12 kama mfano. Maji yalijaa kama saa nane usiku, kwa hiyo alfajiri yanatoka, na yatapwa kabisa kama saa mbili na dakika ishirini. Ukiwa chomboni saa kumi na mbili asubuhi, maji yenyewe yanakubeba kupita Shela hadi bahari kuu. Ukiondoka saa nne, maji yameshageuka, yanaingia, na mnapigana nayo mkondoni mkiwa hata hamjaiona bahari.

Sisi tuliondoka saa nne. Mwenzetu mmoja alisikia kwamba mahamri ya duka fulani hayana mfano, na ni kweli hayana mfano. Tulikula, tukanywa chai, tukapiga picha. Nahodha alikaa juu ya gati akitutazama bila kusema neno, na sisi tukadhani ni upole.

Kutoka Lamu hadi Kipini ni kama kilomita hamsini na tano za bahari. Kaskazi likiwa zuri ni mwendo wa saa sita au saba. Kijana mmoja anapanda kulegeza foromali, mti wa juu unaoshika tanga, tanga linatwekwa kwa wimbo, na ghafla injini inazimwa na husikii kitu ila maji mbavuni. Kaa upande wa juu, wa goshini, upepo unakotoka, uache demani, upande wa chini, wazi kwa kazi. Usishike kamba usiyoijua. Tanga linapogeuzwa upande, foromali nzima huhamishwa kupita mbele ya mlingoti. Hapo lala chini ukiambiwa lala.

Katikati ya njia utaona Ras Tenewi na visiwa vyake. Kuna miamba hapo, na nahodha atakwenda nje zaidi ya unavyotarajia, mwache. Baadaye, karibu na Ras Shaka, rangi ya bahari inaanza kubadilika kutoka buluu hadi kijani, kisha kahawia ya chai ya maziwa. Hilo ni tope la Nyandarua na Mlima Kenya. Pwani hii ndiyo pia nchi ya Fumo Liyongo, yule shujaa ambaye mwanawe alimchoma sindano ya shaba kitovuni. Wenyeji wa Kipini watakuonyesha kaburi lake ukiwauliza kwa heshima.

Mlango wa mto

Fika nje ya mlango saa moja kabla ya maji kujaa, au mapema zaidi. Ukifika mapema tieni nanga nje, mle, mpumzike. Kungoja nje hakugharimu kitu.

Vukeni maji yakiwa bado yanapanda, nusu saa au dakika arubaini kabla ya kujaa. Usingoje yajae kabisa: kama yamebaki kidogo kupanda na mkagusa tope, dakika chache zijazo zitawainua. Yakishaanza kutoka, kila dakika ni ya kuwashusha.

Kabla ya kuingia nahodha atasimama atazame mawimbi kwa muda. Mstari wa maji meupe unaonyesha fungu. Pale yasipovunjika ndipo penye kina. Rubani na mtumbwi wake hutangulia. Tanga hutuliwa au hupunguzwa, injini inashika kazi, na baharia anasimama omo na upondo, anachoma maji na kutaja kina kwa sauti: mbili, mbili, moja na nusu, moja na nusu, moja. Zamani walitumia bildi, kipande cha risasi kilichofungwa kamba, na wapo wanaoitumia hadi leo. Abiria wote wamevaa jaketi, wamekaa chini katikati, na wamenyamaza. Ninasisitiza kunyamaza. Sauti ya yule wa upondo ndiyo macho ya nahodha.

Sisi tulifika saa kumi na moja jioni, maji yakiwa yameshatoka kwa saa mbili na nusu. Nahodha alisema tulale nje. Mimi, niliyekuwa nimeshalipia kambi usiku ule, nilimbembeleza: tujaribu tu, mzee wangu, maji bado yapo. Alinitazama tena kwa ule upole wa gatini. Tukajaribu. Mawimbi ya nje tuliyapita salama, tukaingia kwenye maji tulivu, na pale ambapo nilikuwa nimeanza kutabasamu upondo ukasema moja, kisha nusu, kisha mashua ikasimama kama basi lililogonga kona ya barabara. Tulipwelewa. Jua lilizama saa kumi na mbili na nusu, chombo kikalala ubavu, mbu wakaja kwa makundi, na viboko wakaanza kukoroma ng'ambo, sauti ambayo ukiwa kitandani kambini ni burudani na ukiwa juu ya tope si burudani hata kidogo. Maji yalituinua saa sita na nusu usiku. Kambi walitutoza usiku ule.

Mkikwama, fanyeni hivi: zimeni injini isinyonye tope, pelekeni nanga kwa mtumbwi upande wa kina na mkaze kamba, ili maji yakirudi yasiwasukume juu zaidi, mtu yeyote asishuke kusukuma, kwa sababu tope linazamisha na mamba wapo, pigeni simu kambini na polisi mkiwajulisha kwamba mko salama mnangoja maji. Kisha kaeni.

Mtoni

Mimi nashauri mashua ibaki Kipini. Ndani ya mto miti inazuia upepo, foromali inanasa matawi, na kina kinabadilika. Hamieni kwenye boti ya kambi au mtumbwi mkubwa, mizigo yenu ikigawanywa sawasawa. Msafiri anayetaka kujisifu kwamba alifika kwa tanga hadi mlangoni mwa chumba atajisifu peke yake akiwa amekwama.

Mwanzo ni mikoko mitupu, mizizi ikionekana kama vidole. Ukipanda zaidi, maji yanapoteza chumvi na mikoko inaipisha mikindu, miembe na msitu wa kando ya mto, na unaanza kuona mashamba ya ndizi na mpunga ya Wapokomo. Pita Ozi polepole, wimbi la boti lisiipige mitumbwi ya watu, na salimia. Wimbo wetu wa taifa ulichukua sauti yake kwa wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto, na ukipata bahati ya kusikia bibi akimlaza mjukuu utautambua kabla ya maneno. Wakulima wa huku wanalalamika kwamba maji ya chumvi yanapanda mtoni na kuua mashamba yao. Sikiliza. Wewe umetoka upande wanakozuia maji.

Viboko: boti ipite mbali nao, na kamwe isipite kati ya kiboko na maji ya kina. Usiku wanatoka kula majani, kwa hiyo ukitoka hemani toka na askari wa kambi. Mamba: usioge, usifue, usichote ukingoni hata kama unaona watoto wakifanya hivyo, wao wanajua pahali. Usiache mkono ukielea nje ya boti. Tangu 2012 delta hii, hekta 163,600, iko kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, na utaelewa kwa nini alfajiri ya kwanza, saa kumi na mbili kasorobo, ndege wanapoanza wote kwa pamoja. Amka mapema, kahawa utaikuta.

Siku tatu zinatosha. Mbili ni chache, kwa kuwa ya kwanza utailala.

Kurudi

Usirudi kwa tanga. Kaskazi lililokusukuma sasa liko usoni, mashua italazimika kwenda joshi na kubisha, yaani kuukata upepo ikipinda huku na huku, siku nzima, na tumbo lako halitakusamehe. Kambi ikurudishe Kipini kwa boti, ukodi gari au bodaboda hadi barabara ya Lamu, ambayo sasa ina lami, kisha basi la Garsen na Malindi. Ukaguzi wa polisi njiani ni wa kawaida. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya ndoo.

Nahodha na vijana wake watakuwa wamesharudi kwa injini, wakifuata pwani alfajiri upepo ukiwa mdogo. Theluthi ya pili mpe mkononi Kipini mnapoagana. Ya mwisho ni ya siku yake ya kurudi: mpigie jioni ile, na akisema amefunga kamba gatini Lamu, itume papo hapo, na ya kutolea juu yake.